Waliowanyima Wazee Maharage

Yule muuguzi alininyang'anya chungu mlangoni pa nyumba ya wazee. Sisemi alikipokea, alininyang'anya. Nilikuwa nimekipakata kwenye basi kutoka Plovdiv, nimekifunga taulo, ndani yake maharage mazito ya karoti na nanaa kavu kama baba anavyoyapenda, na mpaka nafika mji ule mdogo ulio chini ya milima ya Rodopi yalikuwa bado na moto.

"Chakula cha nje marufuku," akasema. Aliitwa Yonka, na kabla ya siku hiyo tulikuwa tukisalimiana vizuri.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mkurugenzi aseme. Usinitie matatani, Radka. Utakichukua ukiondoka."

Nikaingia ukumbi wa kulia mikono mitupu. Ukumbi ule zamani ulinuka vitunguu vya kukaanga tangu kwenye korido. Sasa ulinuka sabuni ya kudekia. Wazee walikuwa wamekaa kwenye meza zao kama kawaida, ila hapakuwa na sahani, hapakuwa na uma wala kisu. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha plastiki mbele yake, na ndani ya kila kikombe uji mweupe.

"Karibu chekechea, mwanangu," baba akasema.

Baba yangu, Stoimen, aliendesha treni maisha yake yote. Alivunjika nyonga akiteremka kwenye ghala la chini ya nyumba kuchukua kabichi ya kuchachusha, na mimi nakaa ghorofa ya tano kwenye jengo lisilo na lifti, ndiyo maana akawa pale. Mwili ulimwishia nguvu, lakini meno anayo, na hamu ya kula anayo.

"Hicho ni nini, baba?"

"Huu ni uji wa kuku. Asubuhi ulikuwa wa vanila, jioni utakuwa wa vanila tena. Kuku mwenyewe hana habari kama amepikwa."

Mwanamke aliyekaa naye akacheka bila furaha. Huyo ni Bibi Sevda, aliyefanya kazi kiwanda cha tumbaku na kuwaongoza wenzake kwenye migomo miwili. "Binti, mimi meno yangu nimeyatunza kama mahari," akaniambia. "Ili nije nimeze vanila?"

Kando yake aliketi Bibi Todora, mwenzake wa chumba, mwanamke mdogo wa umbo, mpole, aliyesema maneno machache. Todora akasukuma kikombe chake kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana, akanong'ona, "Mimi nataka tu supu ya dengu."

Wakanieleza jinsi mambo yalivyokuwa. Wakati wa baridi mzee mmoja alipaliwa na kipande cha tofaa, akafa palepale mezani. Mkurugenzi, Bwana Karadimov, akaingiwa na hofu. Wauguzi walikuwa wachache, hapakuwa na mtu wa kukaa na kila mzee kumwangalia anavyotafuna. Akaagiza unga wa kukoroga kwa maji, wenye protini, mafuta, vitamini na madini yote ya mwili, akafunga jiko. Si kwa wale wasioweza kumeza tu. Kwa wote.

"Una kila kitu, huo unga," baba akasema. "Wametusomea."

"Nyuzinyuzi je?"

"Hizo ni nini?"

Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka bustanini, kwa sababu nilihisi nikibaki ndani nitapiga kelele. Mimi kazi yangu ni hiyo. Katika maabara huko Plovdiv nachunguza ute wa utumbo na bakteria wanaoula. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hubadilisha mazungumzo upesi. Baba ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza, lakini hata yeye sikuwahi kumweleza vizuri mpaka siku ile.

"Unajua bamia inavyokuwa ukiikata?" nikamwambia.

"Inateleza kama diwani akiulizwa swali."

"Basi utumbo wako mpana umepakwa ute wa namna hiyo kwa ndani. Tabaka la juu limelegea, humo bakteria wanaishi. Tabaka la chini limeshikana, linagusa ngozi ya utumbo, na humo bakteria hawatakiwi. Sasa, ukila maharage, kabichi, vitunguu liki, kuna nyuzinyuzi ambazo tumbo lako haliwezi kuzisaga. Zinateremka hivyohivyo mpaka chini. Bakteria wanazila, wanashiba, na katika kula kwao wanatoa asidi ambazo ngozi ya utumbo nayo inazitumia kama chakula."

"Wapangaji wanaolipa kodi."

"Haswa. Sasa wanyime nyuzinyuzi. Ule ute ni protini iliyovikwa sukari pande zote. Wapo bakteria wanaojua kuidondoa sukari hiyo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepukuchua mahindi. Siku za kawaida wanadokoa kidogo, na utumbo unatengeneza ute mwingine. Lakini wenzao wakikosa chakula, hawa ndio wanaozaana, na wengine nao wanageukia hukohuko. Wanaula ute kwa kasi kuliko unavyotengenezwa. Unazidi kuwa mwembamba, na wao wanazidi kusogelea ngozi."

Baba akatazama dirisha la ukumbi, pale wenzake walipokuwa wakinywa.

"Una hakika?"

"Kwa panya nimeona kwa macho yangu. Na si kwamba wanakufa hapohapo. Unawaona wazima, wanakula, wanakimbia. Kisha ukiwaingizia ugonjwa wa tumbo, ugonjwa ambao wenzao wanaokula nafaka wanaustahimili, hawa wanaanguka."

"Basi ingia ukamwambie huyo bwana."

Nilimwambia. Siku ile na mara nyingine kwa simu. Bwana Karadimov alinisikiliza kwa adabu, akaniita daktari, akasema atawasiliana na wataalamu. Wataalamu wenyewe, nilikuja kujua, walikuwa ni walewale waliomuuzia unga wa uji.

Majira ya kuchipua ugonjwa ukaja. Kuhara na kutapika, ugonjwa wa kila mwaka unaopita mashuleni na kwenye ofisi, mtu analala siku chache anainuka. Katika mji ule uliwapitia watoto wakarudi kucheza. Ulipoingia kwenye nyumba ya wazee haukutoka. Yonka na wenzake walikimbia na nepi na mabeseni mpaka miguu ikavimba. Daktari wa pale alipita vitandani akisema uzee, uzee, na kwa wanawake akiongeza kwamba ni neva.

Bibi Todora aliishiwa maji mwilini. Alizikwa siku ya mvua, na waliokuwa na nguvu za kwenda kaburini walikuwa Sevda na padri.

Baba alianza kutoa damu. Sikuambiwa na ofisi. Sevda ndiye aliyenipigia. "Njoo na gari, usije na maneno," akasema. Nikamwomba jirani yangu gari lake, nikaenda kumchukua. Njia nzima baba aliomba radhi kwa ajili ya viti. Mtu aliyevusha maelfu ya watu milimani kwenye theluji, anaomba radhi kwa sababu ya viti vya gari.

Hospitalini Plovdiv walimwangalia utumbo kwa kamera. Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alinionyesha picha: ngozi ya utumbo nyekundu, imechubuka, ina vidonda. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu kule aliyeliuliza.

"Huyu mzee anakula nini?"

Nilipomweleza alivua miwani. "Miezi yote hiyo? Na ana meno haya?"

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Karadimov bila miadi. Alikuwa kwenye ofisi yake, tai imenyooka, kwenye meza kuna sahani ya pilipili hoho za kuchoma zenye jibini, mkate, na nyanya. Alikuwa anakula chakula cha mchana. Nafikiri mpaka leo nisingekuwa na hasira kiasi hiki kama ningemkuta anakunywa uji wake.

Akasukuma sahani kando. "Daktari Radka, pole sana kwa ya mzee. Ugonjwa ulitoka nje, kama unavyojua. Mji mzima uliugua."

"Mji mzima uliugua na kupona. Hapa mmezika."

"Wazee ni wazee."

"Mwaka jana walikuwa wazee vilevile. Ugonjwa ulipita, wakainuka."

Akakunja mikono. "Sawa. Wewe ni mwanasayansi. Niambie hapa, mimi na wewe: una hakika kwamba chakula changu ndicho kilichomtoa baba yako damu?"

Hapo ndipo aliponishika. Ningeweza kumdanganya, na angeniamini. Lakini ute wa baba sikuupima. Siwezi kuchukua mzee mmoja, ugonjwa mmoja wa kuambukiza, dawa za maumivu ya nyonga alizokuwa anameza, umri wake, nikasema ni hiki na si kile. Kwa panya naweza, kwa sababu panya wengine nawalisha nafaka na wengine nawanyima, nikalinganisha.

"Sina hakika," nikasema. "Nadhani ndivyo. Nina sababu nzuri za kudhani."

"Unadhani." Akatabasamu. Tabasamu lile bado naliona nikifumba macho. "Na mimi siendeshi nyumba hii kwa kudhani. Nafuata ushahidi."

"Ushahidi?" Nilisimama bila kujua kama nimesimama. "Ulipofunga jiko ulikuwa na ushahidi gani? Mimi, bwana, kabla sijamnyima panya mmoja nyuzinyuzi, nakalishwa mbele ya kamati. Naulizwa kwa nini. Naulizwa kwa muda gani, na kama hakuna njia nyingine. Naulizwa akianza kutoa damu nitafanya nini ili asiteseke. Kuna daktari wa mifugo kwenye kamati hiyo, mwanamke mkali, ameshanirudisha nyumbani mara mbili kwa ajili ya panya! Kwa hawa wazee nani alikuuliza wewe? Nani?"

"Panya wako hawapaliwi na matofaa," akasema polepole. "Mimi mtu wangu alikufa mezani. Nilimshika mwenyewe. Wewe hukuwapo."

Nasema haki: katika hilo hakuwa anaigiza.

"Basi wasioweza kutafuna wapondee," nikamwambia. "Maharage yaliyopondwa yanabaki maharage. Dengu ukizisaga zinapita kwenye koo kama huo uji wako, na nyuzinyuzi zake zimo. Todora alitaka supu ya dengu tu, bwana. Supu! Mtu mmoja kapaliwa, ukawanyang'anya meno watu wote?"

"Wapishi nimeshawaachisha. Mambo hayawezi kubadilishwa kila binti wa mtu anapokasirika."

Nikatoka. Kwenye korido Sevda alikuwa ameegemea ukuta, amesikia kila neno, na hakujificha.

"Umemwambia huna hakika," akasema.

"Ni kweli, bibi. Sina."

"Ukweli wako mzuri, lakini huyu ameukalia kama mto." Akanishika kiwiko kwa mkono uliokauka kama tawi. "Mimi sihitaji hakika ya hadubini. Mimi nina njaa ya mboga, na ni mtu mzima. Hilo linatosha au halitoshi?"

Nikamwambia linatosha.

"Basi leteni vyakula getini. Wewe na watoto wa wenzangu. Kutoka nje tutatoka wenyewe."

Nilipiga simu kwa watoto wa wazee, kila niliyempata. Wengine walikata simu. Mmoja aliniambia mama yake ana bahati kulishwa bure, niache uchochezi. Lakini siku ya soko, saa ya chakula cha mchana, kwenye lami mbele ya lile geti walisimama watu wengi kuliko nilivyotarajia, na sufuria, na vyungu, na mabeseni ya saladi. Baba alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali siku iliyotangulia. Nilimkataza asije. Akaniuliza kama nadhani Sevda angemsamehe asipokuja, nikamwingiza kwenye gari la jirani.

Wazee walitoka. Ningependa kusema walitoka kama jeshi, lakini walitoka kama wazee waliougua: polepole, wakishikana, wakisukuma viegemeo vyao vya magurudumu juu ya kokoto, wawili kwa kandambili. Sevda alikuwa mbele na kijiko mkononi. Walipofika getini wakakuta mnyororo na kufuli.

Bwana Karadimov alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Ni kwa usalama wenu!" akapaza sauti. "Rudini mezani!"

"Mezani kuna nini?" Sevda akajibu bila kugeuka. "Kuna vanila?"

Bakuli halikuweza kupita katikati ya nondo. Tukapitisha mikate. Tukapitisha vitunguu liki, matofaa, pilipili hoho nzimanzima zilizochomwa, zinachuruzika mafuta. Baba, amejishikilia kwenye geti kwa mkono mmoja, alichovya mkate kwenye maharage na kuupitisha kwa vidole, kipande baada ya kipande, na kila aliyepokea alimwambia jambo. "Tafuna kwanza, Manol! Tafuna, usinifedheheshe mbele ya watu!" Sevda alipitisha kijiko chake kirefu nje, akachota chunguni mwangu, akakirudisha ndani nusu kimemwagika kifuani, akala akiwa amefumba macho.

Mimi nilikuwa nalia, si kwa huruma. Nilikuwa nalia kwa hasira ya kuona mama za watu wanalishwa kwa kupitia nondo kwa sababu bwana mmoja hakutaka kukiri kwamba hofu yake imewadhuru.

Karadimov aliita polisi. Akaja kijana mmoja, akashuka kwenye gari, akatazama upande huu na upande ule.

"Wamefanya nini?" akauliza.

"Wanavuruga utaratibu," Karadimov akasema kutoka kwenye ngazi. "Wanakula vyakula visivyopimwa."

"Wanakula?"

"Ndiyo!"

Polisi akakuna shingo. "Na hilo kufuli, bwana, la nini? Hawa ni wafungwa? Moto ukitokea?"

Ufunguo aliuleta Yonka, akaufungua mnyororo bila kumtazama mtu, akarudi ndani. Watu walikuwa wamesharekodi kwa simu zao kila kitu, na jioni ile ukanda mzima wa milima ulimjua Sevda na kijiko chake.

Jiko lilifunguliwa. Hilo tulilipata, na silidharau. Mpishi mmoja alirudishwa; wasioweza kutafuna wanapondewa, na wakati wa kula anakaa mtu wa kuwaangalia. Wakaguzi walikuja kutoka mjini, wakakaa, wakaondoka. Walichotangaza ni kwamba palikuwa na mapungufu katika mawasiliano, na kwamba hakuna uthibitisho kuwa chakula ndicho kilicholeta madhara. Maneno yangu mwenyewe! Walinichukulia sentensi yangu ya kweli wakajifunikia nayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini uthibitisho udaiwe kwa anayelalamika na usidaiwe kwa aliyebadilisha. Hakuna aliyemtaja Todora.

Baba anakaa kwangu sasa, ghorofa ya tano, na kushuka ni mpaka jirani asaidie. Vidonda vimepungua sana, lakini si kwamba vimekwisha. Kuna siku anakunja uso, anajifungia bafuni, na mimi nasimama mlangoni najifanya natafuta taulo. Anameza dawa. Anakula taratibu, kila wiki mboga moja zaidi, kama alivyoambiwa na yule daktari mnene, kwa kuwa utumbo ulioumia haurundikiwi mzigo wote kwa siku moja.

Juzi tulisikia kwamba Bwana Karadimov amehamishwa. Hakufukuzwa, amehamishwa, kwenye nyumba ya wazee kubwa zaidi, kaskazini huko kando ya Danube, na amekwenda na yule msambazaji wake wa unga wa uji. Nilimsomea baba habari hiyo nikiwa nimesimama jikoni.

Baba alichukua simu, akampigia Sevda, akamrudia habari yote, kisha akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Akafunika simu kwa kiganja. "Anasema ana binamu yake kwenye nyumba hiyohiyo, na huyo binamu ana mdomo kuliko yeye. Anauliza, wewe Jumamosi una nafasi?"

Nikamwambia ninayo.